Kutoa dramu za breki za nyuma zilizoganda kwenye gari la zamani: mwongozo kamili

Gari la zamani likikaa miaka bila kufunguliwa breki za nyuma, siku ya kuzifungua, dramu (kopo la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu) hugoma. Tairi limeshatoka, skrubu zimeshatoka, unaivuta dramu kwa mikono miwili na haitikisiki. Hapo wengi hukimbilia nyundo kubwa, na hapo ndipo hasara huanza. Dramu imetengenezwa kwa chuma cha kumimina, na chuma cha aina hiyo hakikunjiki. Kikizidiwa, kinapasuka. Ukingo ukimeguka, au ufa mdogo ukijificha chini ya kutu, dramu hiyo haifai tena kurudi barabarani hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Kabla hujashika spana, lielewe jambo hili: dramu hushikwa sehemu mbili. Ama imeganda kwa kutu katikati, pale tundu lake kubwa linapokaa juu ya habu (kitovu cha gurudumu), ama imenaswa na shuu zilizo ndani yake, yaani vile vipande viwili vya upinde vinavyotanuka kuibana dramu unapofunga breki. Dawa ya tatizo moja haitibu lingine. Ukigonga mchana kutwa dramu iliyonaswa na shuu, utaharibu springi, pini na lainingi (tabaka la kusugua lililo juu ya shuu). Ukihangaika kulegeza ajasta (kirekebishi kinachotanua shuu kadiri zinavyolika) wakati dramu imeganda kwa kutu, utalala chini ya gari bure. Kwa hiyo nusu ya kazi hii ni kujua kinachoshikilia, na sehemu hiyo haihitaji nguvu hata kidogo.

Tazama kwanza dramu yako ni ya aina gani

Aina iliyoenea zaidi huvaa juu ya stadi za gurudumu, yaani bolti zinazotokeza kushika nati za tairi, kama kofia. Nati za tairi ndizo zinazoishikilia gari likiwa barabarani, na mara nyingi kuna skrubu moja au mbili ndogo za kuizuia isicheze tairi likiwa limetolewa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu dramu hii.

Aina ya pili ni ile ambayo dramu na habu ni kitu kimoja na beringi zimo ndani yake. Utaikuta kwenye magari mengi madogo yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Utaitambua kwa kifuniko kidogo cha bati kilichopachikwa katikati. Ukikibandua kwa patasi, taratibu, ukizunguka pembeni, utaona grisi na nati kubwa. Dramu hii haigongwi wala haivutwi kabla nati haijatoka, kwa sababu kila pigo linapita kwenye beringi. Nyoosha pini ya kufungia nati uitoe, fungua nati, toa washa na beringi ya nje, kisha vuta. Kama bado inakataa wakati nati imetoka, basi imenaswa na shuu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kulegeza shuu. Magari mengine ya aina hii hutumia nati iliyokunjwa ukingo au inayojibana yenyewe. Hiyo ikishafunguliwa haitumiki tena, nunua mpya kabla hujaanza.

Kuna pia dramu zinazokaa kwenye meno ya ekseli. Mfano unaojulikana sana ni Volkswagen Beetle, ambayo dramu yake ya nyuma hubanwa na nati moja ya milimita 36 iliyokazwa kwa takriban Nm 300. Nati kama hiyo hulegezwa gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake yote, si juu ya stendi, kwa sababu nguvu inayohitajika inaweza kuliangusha. Kisha dramu hutolewa kwa pula (kifaa cha kuvutia) inayofungwa kwenye matundu ya bolti za gurudumu. Na kwenye baadhi ya malori, dramu iko nyuma ya habu, hivyo shafti ya ekseli na habu lazima zitoke kwanza.

Ukiwa na shaka, tafuta kitabu cha matengenezo cha gari hilo. Dakika kumi za kusoma zinaokoa dramu.

Usalama, bila kurukaruka

Kazi hii ina ubaya mmoja ambao kazi nyingine za magurudumu hazina: ni lazima hendibreki iwe imeshushwa. Yaani kile unachokitegemea siku zote kulizuia gari lisitembee, hapa hukitumii. Kwa hiyo simamisha gari mahali tambarare na pagumu, weka kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi. Kama gari linaendeshwa kwa magurudumu ya mbele, liache kwenye gia, au P kwa otomatiki. Kama linaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, utahitaji gia huru ili dramu iweze kuzunguka, na hapo kabari ndizo pekee zinazolishikilia gari. Ziwe imara.

Legeza nati za tairi kidogo gari likiwa bado chini, nyanyua kwa jeki, kisha liketishe juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli au mahali palipoandaliwa kwenye bodi. Litikise kwa mkono ulione limetulia. Jeki peke yake haitoshi hapa kuliko kazi nyingine yoyote, kwa sababu utakuwa unagonga, na kila pigo linalitikisa gari zima.

Vumbi nalo lichukulie kwa uzito. Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikivutwa mapafuni husababisha saratani na ugonjwa wa mapafu usiopona, ambao huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake kuanzia 2005, lakini gari la zamani linaweza kuwa bado limevaa lainingi za kale, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Usipulize vumbi hilo kwa kompresa, wala kwa mdomo, wala usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni au dawa ya kusafishia breki, lipanguse kwa kitambaa, na kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Vaa barakoa nzuri na miwani ya kinga.

Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Upande ambao haujaguswa ndio ramani yako utakapoanza kujiuliza springi ya kijani ilikaa wapi. Piga na picha.

Vifaa ni vya kawaida: nyundo ya kilo moja hadi moja na nusu, nyundo ya mpira au ya plastiki, bisibisi mbili nyembamba za bapa, bisibisi ya kugonga, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, tochi nzuri, spana za nipeli ya breki, na bolti mbili zenye meno hadi mwisho. Pula ya miguu mitatu ni nzuri kuwa nayo, ingawa naiweka mwishoni kabisa.

Skrubu ndogo

Toa skrubu za kuishikilia dramu kabla ya kitu chochote. Utashangaa ni dramu ngapi zimepasuliwa kwa nyundo wakati skrubu moja iliyofunikwa na kutu ilikuwa bado imo. Kwangua uso wa dramu kwa brashi ya waya hadi uone chuma, ndipo uamini kwamba hakuna skrubu.

Skrubu hizi huharibika kichwa upesi. Bisibisi ya kawaida ikiteleza mara moja, iache. Weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha tumia bisibisi ya kugonga, ile ambayo unaielekeza upande wa kufungua na kuipiga kwa nyundo. Pigo linaikandamiza ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja. Kichwa kikishaharibika kabisa, toboa kwa drili kichwa tu. Dramu ikitoka, kipande kilichobaki kitakuwa kimejitokeza nje na koleo litakishika kwa urahisi.

Mtihani wa kujua kinachoshikilia

Hakikisha hendibreki iko chini kabisa, kisha jaribu kuizungusha dramu kwa mikono.

Ikizunguka bila shida lakini haitoki nje hata kwa unywele, kutu ya katikati ndiyo inayoshikilia. Shuu haziigusi, kwa hiyo achana nazo.

Ikitoka nje milimita kadhaa kisha ikagota, halafu ukiisukuma inarudi, kutu ya katikati imeshaachia na sasa shuu ndizo zinazoizuia. Sababu yake ni hii: lainingi hula chuma cha dramu pale zinapogusa tu. Ukingo wa mdomo wa dramu, upande unaotazama gari, hauguswi, hivyo unabaki mrefu, na kutu inauongezea kimo. Wakati huohuo ajasta ya ndani inazidi kuzitanua shuu ili zifuate chuma kinacholika. Baada ya miaka, shuu zinakuwa zimekaa ndani ya bonde, na ukingo wa dramu umekuwa ukuta mbele yake. Weka kidole kwenye dramu iliyochakaa na utaufahamu ukuta huo mara moja. Kuivuta zaidi hakusaidii. Shuu lazima zirudi ndani.

Ikiwa haizunguki kabisa, tatizo ni shuu tena, lakini kuna njia nne za kulifikia: waya wa hendibreki umeganda kwa kutu na haurudi, silinda ya gurudumu (yenye pistoni zinazosukuma shuu kwa mafuta ya breki) imekwama ikiwa imetanuka, hosi ya breki imeziba kwa ndani na kufungia mafuta upande wa pili, au lainingi zimeshikana na dramu kwa kutu baada ya gari kuegeshwa likiwa limelowa na hendibreki imevutwa.

Mwisho, ikiwa inazunguka nzito huku ikikwaruza, yaelekea lainingi imebanduka kutoka kwenye shuu yake na kujibana ndani. Hiyo huwa na ukaidi wake, nitairudia.

Kulegeza shuu

Anza na waya wa hendibreki. Tafuta nati yake ya kurekebisha, chini ya gari pale nyaya mbili zinapokutana au ndani karibu na mkono wa hendibreki, na uilegeze mpaka nyaya zilegee kabisa. Kisha nenda nyuma ya gurudumu uone kama waya unaingia kwenye bamba la nyuma (sahani ya chuma inayobeba shuu) ukiwa umelegea au bado umejivuta. Ukiwa umejivuta, umeganda ndani ya ganda lake. Ushike kwa koleo uusukume kuelekea kwenye gurudumu.

Hatua ya pili ni nipeli ya kutolea hewa, ile skrubu ndogo yenye tundu nyuma ya silinda ya gurudumu. Fanya hivi ikiwa dramu haizunguki. Visha nipeli mpira mwembamba, uelekeze mpira kwenye chupa, ufungue nipeli nusu mzunguko. Mafuta yakiruka kwa nguvu na dramu ikalegea hapohapo, umepata jibu kubwa: kulikuwa na presha iliyofungiwa, na hosi ya breki ni ya kubadilishwa hata kama kwa nje inaonekana nzuri. Kumbuka mafuta ya breki hula rangi ya gari, yakimwagika yaoshe kwa maji papo hapo. Na ikiwa nipeli yenyewe imeganda, usiilazimishe mpaka ikatike. Ilowanishe kwanza kwa mafuta ya kulegeza kutu na uiache ikae.

Sasa ajasta. Hapa ndipo penye ufundi, na hapa ndipo pa kuwa na subira. Nyuma ya bamba la nyuma tafuta kizibo kidogo cha mpira chenye umbo la yai. Magari mengine tundu liko kwenye uso wa dramu, na kwenye baadhi ya magari linakuwa limeachwa limefungwa na inabidi kulitoboa. Toa kizibo, mulika kwa tochi. Utaona gurudumu dogo lenye meno, na kando yake kikono cha bati kilichoegemea kwenye meno hayo.

Kikono hicho ndicho kinachowachanganya watu. Kazi yake ni kuruhusu gurudumu lizunguke upande mmoja tu, ule wa kutanua shuu. Ndiyo maana ukiingiza bisibisi na kuyasukuma meno, upande mmoja utasikia mlio wa tik, tik, tik na mambo yanakwenda vizuri, huku dramu ikizidi kubana. Upande ulio rahisi ndio usioutaka. Ingiza bisibisi nyembamba ya kwanza, sukuma kikono kiachane na meno, kishikilie hapo, kisha kwa bisibisi ya pili sukuma meno kinyume. Tundu likiwa kwenye uso wa dramu, mara nyingi utahitaji waya mgumu wenye ndoano ili kukivuta kikono badala ya kukisukuma. Jino moja moja. Baada ya meno machache, zungusha dramu uone kama imekuwa nyepesi, kisha endelea. Dramu iliyoliwa sana inahitaji meno mengi, usikate tamaa mapema. Na kwa kuwa uzi wa ajasta ya kushoto na wa kulia mara nyingi hupinduana, usidhani upande uliofungua gurudumu la kwanza ndio utakaofungua la pili. Sikiliza tena mlio.

Si magari yote yana gurudumu la meno. Magari mengi ya zamani ya Kiingereza, Mini ikiwa mojawapo, yana skrubu yenye kichwa cha mraba inayotokeza nyuma ya bamba. Izungushe kinyume cha saa kwa spana yake na shuu zitarudi. Ikiwa imeganda, isafishe, ilowanishe, na tumia spana inayokaa sawasawa, kwa sababu kichwa hicho kikiviringika hakishikiki tena. Volkswagen kama Golf na Polo hutumia kabari iliyokaa wima kati ya shuu. Zungusha dramu mpaka tundu la bolti ya gurudumu lifike usawa wa kabari, ingiza bisibisi, isukume kabari juu, na shuu zitasogea ndani mara moja.

Kama lainingi zimegandana na dramu kwa kutu, ajasta haitoshi. Gonga mzunguko wa dramu kwa nyundo ya mpira huku msaidizi akijaribu kuizungusha kwa stadi, mbele na nyuma. Njia nyingine, ambayo mimi huipendelea kama gari bado linatembea, ni kurudisha tairi, kulishusha gari chini na kulisogeza mbele na nyuma polepole, nusu hatua, mpaka usikie mlio wa kuachia. Ndipo unanyanyua tena.

Kutu ya katikati

Hapa adui ni pete nyembamba ya kutu kati ya habu na tundu la dramu. Isafishe kwanza. Chukua brashi ya waya, na kwa ncha ya bisibisi kuukuu kwangua mfereji mwembamba unaozunguka habu, mpaka uone mstari wazi kati ya vyuma viwili. Bila mstari huo mafuta hayana pa kuingilia. Kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mstari na kwenye kila stadi, kidogo kidogo, yasitiririke hadi ndani kwenye lainingi. Gonga kidogo kwa nyundo ili yazame, uyaache. Ukiweza kuyaacha usiku mzima, kazi ya kesho yake itakuwa nusu.

Sasa tazama uso wa dramu, kati ya stadi. Dramu nyingi, hasa za magari ya Kijapani, zina matundu mawili yenye uzi, yaliyowekwa kwa ajili ya siku kama hii. Mara nyingi ni ya bolti za M8 zenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25. Safisha uzi, paka bolti mafuta, ziingize kwa mkono hadi ziguse habu kwa nyuma. Kisha kaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Bolti zikianza kuwa ngumu, acha kukaza. Acha zibane hivyo hivyo, chukua nyundo, gonga uso wa dramu. Kisha rudi robo mzunguko tena. Bolti zinaweka mvuto, nyundo inaleta mtikisiko, na kutu hushindwa na viwili hivyo vikiwa pamoja. Anayekaza tu bila kugonga huishia kung'oa uzi au kumegua dramu kuzunguka tundu.

Kuhusu mahali pa kugonga: piga uso wa bapa wa dramu, kati ya stadi, karibu na katikati, ukizunguka. Usipige ukingo wa nje, usipige stadi. Rudishia nati moja au mbili kwenye stadi, zikiwa zimelegea, ili uzi ulindwe na ili dramu ikiachia ghafla isikuangukie miguuni. Mapigo yawe makavu na mafupi. Sikiliza sauti: dramu iliyoganda hutoa mlio mmoja mzito na habu, na inapoachia mlio hubadilika, unakuwa wazi zaidi. Mara nyingi sikio hujua kabla ya jicho.

Moto ni hatua inayofuata, na ni hatua ya mtu makini. Kupasha joto eneo la dramu linalozunguka habu huitanua kidogo kuliko habu iliyo ndani, na kutu hupasuka. Zungusha mwali, usiuweke mahali pamoja, na usingoje chuma kiwe chekundu. Lakini nyuma yake kuna raba za silinda, sili ya ekseli, beringi, na kwenye baadhi ya magari waya wa ABS, na vyote hivyo huungua. Muhimu kuliko yote: kama umetumia dawa ya kusafishia breki, usiwashe moto hapo. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na joto kali hutoa gesi ya fosijini, ambayo ni sumu kali. Mafuta ya kulegeza kutu nayo hushika moto. Yapanguse, na kizima moto kiwe karibu. Kwa mtu anayefanya kazi hii nyumbani peke yake, naona ni bora kurudia mafuta na bolti kwa siku mbili kuliko kuwasha moto.

Ikishindikana kabisa

Pula ya miguu mitatu hushika ukingo wa nje wa dramu, na ukingo huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Ukiitumia, ibane kwa kiasi tu, kisha gonga uso wa dramu, ubane tena kidogo. Usiinyonge mpaka kitu kiachie chenyewe, maana kitakachoachia chaweza kuwa ukingo.

Kwa shuu zilizokataa kurudi, au lainingi iliyobanduka na kujibana ndani, kuna njia ambayo haigusi dramu. Nyuma ya bamba la nyuma utaona vichwa viwili vidogo vya mviringo, kimoja kwa kila shuu. Ni pini zinazoshikilia shuu kwenye bamba. Zikate vichwa kwa grenda au patasi kali. Sasa shuu hazijafungwa tena kwenye bamba na zinaweza kuegama, hivyo dramu itatoka pamoja nazo kwa kuivuta na kuitikisa huku na huku. Utahitaji seti mpya ya pini na springi, na pengine silinda, lakini vitu hivyo kwenye breki ya umri huo vilikuwa karibu na mwisho wake hata hivyo.

Kama dramu yenyewe ni ya kutupwa, unaweza kuikata kwa grenda, mkato mmoja kutoka ukingoni kuelekea katikati, na ukomee kabla ya kufika kwenye habu. Malizia kwa patasi.

Ikishatoka

Usikanyage pedali ya breki, na mwambie kila aliye karibu asiikanyage. Bila dramu hakuna kinachozuia pistoni za silinda zisiruke nje.

Kabla ya kusafisha, soma kilicho ndani. Fungua midomo ya raba za silinda kwa ncha ya bisibisi. Unyevu mdogo huvumilika, lakini mafuta yakitoka, silinda imekwisha. Ukiona mafuta mazito yenye harufu kali kama ya kiberiti, hayo si ya breki, ni ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na sili ya ekseli inavuja. Lainingi iliyolowa mafuta ya aina yoyote haisafishiki, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili ili gari lisivute upande mmoja. Lainingi zilizopigiliwa kwa ribiti zikikaribia vichwa vya ribiti, muda wake umekwisha.

Dramu nyingi zina kipenyo cha juu kabisa kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe, kwa milimita. Pima kwa kaliba mahali palipolika. Ikizidi, haichongwi tena, ni ya kubadilishwa. Kama bado ipo ndani ya kipimo na haina ufa, ondoa ule ukuta wa ukingoni kwa karakana ya kuchonga, au kwa uangalifu kwa grenda na msasa ikiwa ni kutu tu. Usipouondoa, utarudi kwenye tatizo hilihili.

Safisha tundu la katikati la dramu na bega la habu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane. Paka grisi ya joto kali, tabaka jembamba sana, kwenye bega hilo, na nukta ndogo pale shuu zinapoegemea bamba la nyuma. Uzi wa ajasta utoe, usafishe, upake grisi, uhakikishe unazunguka kwa vidole. Mikono yenye grisi isiguse lainingi wala uso wa ndani wa dramu.

Kurudisha

Kaza ajasta mpaka dramu iingie ikigusa shuu kwa mbali sana, sauti ya kusugua nyepesi bila uzito. Toa hewa kama ulifungua nipeli. Kanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae katikati, rekebisha tena kupitia tundu, rudisha kizibo cha mpira kwa sababu bila hicho maji na mchanga huingia. Waya wa hendibreki unarekebishwa mwisho kabisa, baada ya shuu kuwekwa sawa, kamwe si kabla. Ukiukaza kwanza, utazishikilia shuu zikiwa zimefunguka na ajasta haitafanya kazi.

Kaza nati za tairi kwa mpangilio wa nyota hadi kipimo cha kitabu. Jaribu breki gari likiwa limesimama, kisha kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha barabara tupu. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu la nyuma bila kuligusa. La upande mmoja likiwa la moto kuliko la pili, shuu bado zinabana huko: nyanyua tena, rudisha ajasta meno mawili matatu, na ukague waya wa hendibreki wa upande huo.